Kuandika kwa Hadhira Iliyo Hai: Vyombo Shirikishi vya Mtandaoni katika Ufundishaji wa Kiswahili Dodoma na Kanda ya Kati

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna vyombo shirikishi vya mtandaoni vinavyoweza kutumika katika kufundisha na kujifunza Kiswahili vyuoni, kwa kurejelea mazingira ya Dodoma na Kanda ya Kati ya Tanzania. Vyombo vitatu vinazingatiwa: kundi la WhatsApp, mfumo wa chuo wa kusimamia masomo, na Wikipedia ya Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba ushirikishi hautokani na kifaa wala programu. Hutokea pale mchango wa mwanafunzi unapojibiwa, unaposahihishwa na unapohifadhiwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuuendeleza. Kwa kipimo hicho, chombo kilichozoeleka zaidi darasani ndicho kinachohifadhi kidogo, na chombo kinachohifadhi vizuri kinadai vyanzo vilivyochapishwa, ambavyo kwa habari nyingi za Kanda ya Kati ni vichache, na baadhi yake havimo katika Kiswahili. Makala yanaonesha kwamba kuliziba pengo hilo ni sehemu ya kazi ya idara za Kiswahili zenyewe.

1. Utangulizi

Insha ya mwanafunzi wa Kiswahili chuoni kwa kawaida ina msomaji mmoja. Huandikwa, hukabidhiwa, husahihishwa na mhadhiri au msaidizi wake, hupewa alama, kisha hukaa kabatini hadi muda wa kutunza karatasi upite. Mwanafunzi anayehitimu shahada ya kwanza baada ya miaka mitatu anaweza kuwa ameandika mamia ya kurasa bila hata mmoja kusomwa na mtu aliyetaka kulijua jambo lililoelezwa humo. Hali hii ina athari katika lugha yenyewe. Anayemwandikia mtu ambaye tayari analijua jibu hana haja ya kueleza. Anachohitaji ni kuonesha kwamba naye analijua. Ndiyo maana kazi nyingi za wanafunzi hujaa fasili zilizonakiliwa, majina ya wataalamu na miaka ya machapisho yao, lakini msomaji asiye mtaalamu akizisoma hatoki na kitu.

Vyombo shirikishi vya mtandaoni, yaani vile ambavyo anayesoma anaweza pia kuandika, kujibu na kurekebisha, vimepokewa na wengi kama tiba ya tatizo hili. Nadharia za kuunga mkono matumaini hayo hazikosekani. Vygotsky anaeleza kuwa mwanafunzi akisaidiwa na aliyemtangulia hufikia yale ambayo peke yake asingeyafikia. Freire anapinga elimu inayomfanya mwanafunzi kuwa debe la kujazwa. Na Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, analaumu shule inayomtenga mwanafunzi na jamii inayomgharimia. Wote watatu waliandika kabla ya intaneti kuwapo. Kwa hiyo hakuna hata mmoja anayeweza kuitwa shahidi kwamba simu janja, kwa kuwa tu ni simu janja, hushirikisha.

Kanda ya Kati inafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ukuaji. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilipangwa kufikia wanafunzi 40,000, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza mjini humo mwaka huohuo. Mkoa wa Dodoma wenyewe ulikuwa na watu 2,083,588 katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 walifika 3,085,625. Madarasa ni makubwa, na mhadhiri mmoja hawezi kuwa msomaji wa kweli wa kila aya inayoandikwa. Ya pili ni lugha. Katika eneo linaloanzia Dodoma na kupita Chemba, Kondoa na Singida zinakutana lugha za makundi manne: za Kibantu kama Kigogo, Kirangi, Kinyaturu na Kinyiramba, za Kikushi kama Kiburunge na Kialagwa, za Kiniloti kama Kimaasai na Kibarbaig, na Kisandawe chenye vidoko, ambacho kimezoeleka kuwekwa pamoja na lugha za Kikhoisani. Ni maeneo machache sana Afrika yenye mchanganyiko wa namna hiyo. Mwanafunzi wa isimu anayesoma hapo amezungukwa na data. Swali ni anaiandika wapi, na nani ataisoma.

2. Ushirikishi kabla ya intaneti

Fasihi na elimu ya Kiswahili zilikuwa na vyombo shirikishi muda mrefu kabla ya kompyuta. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika 1923, lilitoa nafasi kwa wasomaji kuleta mashairi yao, na mshairi aliyetoa fumbo au hoja aliweza kujibiwa na mwingine wa mji wa mbali ambaye hawajapata kuonana. Lugha ilisahihishwa hadharani: aliyeharibu vina alikosolewa, na aliyekosolewa alijitetea. Gazeti lilifanya kazi ya ubao na ya ukumbi kwa pamoja.

Kwa Dodoma mfano ulio karibu zaidi ni Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Ihumwa, mshairi na mmoja wa viongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Ndiye anayehusishwa na kuanzishwa kwa ngonjera kama utanzu wa kufundishia. Wahakiki wengi wamezisoma ngonjera kwa upande wa maudhui, kama mashairi ya kueneza siasa ya Ujamaa, na wamezilaumu kwa hilo, pengine kwa haki. Upande wa ufundishaji haujapewa uzito unaostahili. Ngonjera humlazimu anayejifunza asimame, aseme upande wake, amsikilize mpinzani wake, kisha amjibu kwa kufuata vina na mizani alivyopewa. Mhusika asiyejua hubadilika mbele ya hadhira. Kasoro yake ni kwamba majibu yote yameandikwa tayari: mwanafunzi hushiriki kwa sauti, si kwa wazo. Tofauti hiyo kati ya kushiriki kwa sauti na kushiriki kwa wazo inafaa kubebwa hadi kwenye vyombo vya leo.

Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973 inatoa funzo la upande wa pili. Redio ni chombo cha kuongea peke yake. Msikilizaji hawezi kuijibu. Hata hivyo, kampeni hiyo ya wiki 12 ilishirikisha takriban watu wazima milioni mbili, kwa sababu vipindi vilisikilizwa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na mshauri aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kusoma, na baada ya mjadala wanakikundi walikwenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kusafisha visima. Chombo kisichoshirikisha kilifanywa kishirikishe kwa mpangilio uliokizunguka. Kinyume chake kinawezekana pia: chombo kilichoundwa kwa ajili ya kushirikisha kikageuzwa kuwa redio.

3. Kundi la WhatsApp na mfumo wa chuo

Ndivyo ilivyotokea kwa kundi la WhatsApp, au kundi sogozi kama baadhi ya wanaistilahi wanavyopendelea kuliita. Kiongozi wa darasa hufungua kundi katika wiki ya kwanza, na kuanzia hapo ratiba, mabadiliko ya ukumbi, faili za mihadhara na matangazo ya majaribio hupitia humo. Wengi husoma; wachache huandika. Anayeuliza swali la kitaaluma saa tatu usiku hupata jibu upesi, na hilo ni jambo jema. Lakini kufikia asubuhi swali na jibu vimefunikwa na picha za harusi, salamu na tangazo la chumba cha kupanga. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata hatalikuta jibu hilo, atauliza upya. Kundi hujibu bila kuhifadhi.

Lina faida moja ambayo mwalimu wa Kiswahili hapaswi kuipuuza, nayo ni lugha inayotumika humo. Lugha ya kundi si ile ya insha. Kiambishi -ga cha mazoea, ambacho wazungumzaji wengi wa bara wamekileta kutoka lugha zao za kwanza, hutokea humo bila haya: mvua zinanyeshaga Desemba, mwalimu anachelewaga. Vifupisho, ubadilishaji wa msimbo na tahajia ya masikio vyote vimo. Kwa somo la isimujamii hiyo ni kopasi inayojikusanya yenyewe, mradi wenye maneno waridhie itumiwe, na majina na namba zao ziondolewe kabla ya uchambuzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipitishwe, ridhaa hiyo haiwezi tena kuchukuliwa kuwa adabu tu.

Mfumo wa chuo wa kusimamia masomo, ambao katika Chuo Kikuu cha Dodoma umejengwa juu ya programu ya Moodle, una sifa zilizo kinyume. Huhifadhi kwa mpangilio, una sehemu za mijadala, na mhadhiri anaweza kuona nani amesoma nini. Matumizi yake ya kawaida, hata hivyo, ni kupakia mihadhara na kupokea kazi. Hata mjadala unapofunguliwa humo, wanaoingia ni waliosajiliwa katika kozi hiyo tu, na muhula ukiisha mlango hufungwa. Wakati vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Uviko-19 na kufunguliwa tena Juni mosi, ilidhihirika kwamba kuwa na mfumo ni jambo moja na kuwa na mazoea ya kujadiliana ndani yake ni jambo jingine. Kwa mada ya makala haya inatosha kusema kwamba mfumo huo hubadilisha kabati la karatasi kuwa kabati la mtandaoni. Msomaji anabaki kuwa yuleyule mmoja.

4. Mbegu za kata

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Kila ukurasa una sehemu mbili ambazo msomaji wa kawaida hazigusi lakini ambazo kwa mwalimu ndizo zenye thamani kubwa: ukurasa wa majadiliano, ambamo wahariri huulizana na kubishana, na historia, ambayo huorodhesha kila badiliko, aliyelifanya na saa aliyolifanya. Makala fupi isiyokamilika huitwa mbegu. Istilahi hiyo ni nzuri kuliko ile ya Kiingereza iliyokusudiwa kuitafsiri, ambayo inataja kipande kilichobaki baada ya kukata. Ya Kiswahili inataja kitu kinachongoja mvua.

Mbegu za Kanda ya Kati ni nyingi. Kata kwa kata za mikoa ya Dodoma na Singida zimefunguliwa kurasa zinazofanana: jina la kata, wilaya na mkoa iliyomo, namba ya postikodi na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Baada ya hapo, mara nyingi, hakuna kitu. Msomaji anayetafuta habari za Zuzu, Mpunguzi au Ihumwa huambiwa kwamba mahali hapo papo na watu wanaishi. Jina limetokana na nini, watu wanalima nini, shule ya kwanza ilijengwa lini, lugha gani zinazungumzwa: yote hayo yameachwa wazi. Nafasi hiyo ndiyo inayoweza kufanywa kazi ya darasa.

Kazi yenyewe inaweza kupangwa kwa wiki nane. Kwanza wanafunzi husoma historia za kurasa chache ili waone jinsi matini inavyokua na jinsi inavyobishaniwa. Kisha kila kikundi huchagua mbegu moja, hukusanya vyanzo, huandika rasimu katika ukurasa wa majaribio wa mtumiaji na kuisahihisha wao kwa wao. Baada ya hapo tu ndipo rasimu huingizwa katika makala. Wiki mbili za mwisho huachwa kwa ajili ya kungoja na kujibu: mhariri wa Moshi, wa Mombasa au wa ng'ambo anaweza kuondoa sentensi, kubadilisha istilahi au kudai chanzo. Kinachotathminiwa kiwe ripoti ya kikundi kuhusu mabadiliko hayo, pamoja na maelezo ya kwa nini walikubali au walipinga. Kupima kwa kuangalia kama maandishi yao yamebaki yalivyo ni kosa. Kikundi kilichofutiwa aya nzima na kueleza kwa usahihi sababu ya kufutiwa kimejifunza kuliko kile ambacho hakuna aliyekigusa.

Manufaa ya kiisimu yanaonekana haraka. Mwanafunzi anayeandika kuhusu tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, hulazimika kueleza paa hilo linashikiliwa na nini, kwa sababu msomaji wa Pemba hajawahi kuliona. Anayeandika zinajengwaga husahihishwa, na hapo mhadhiri hupata nafasi ya kueleza kwamba -ga ina mfumo wake katika lugha ilikotoka na si uzembe, ila rejesta ya kamusi elezo haiipokei. Mabishano ya istilahi ni somo jingine: tarakilishi iliyozoeleka Kenya na kompyuta iliyozoeleka Tanzania hukutana katika ukurasa mmoja, na kikundi hulazimika kutetea chaguo lake kwa mtu ambaye hakusoma nao. Hakuna mhadhara wa usanifishaji unaoweza kulifanya suala hilo kuwa hai kiasi hicho.

Makala zilizotafsiriwa na mashine nazo zina matumizi yake. Mashine hukosea upatanisho wa kisarufi kwa namna ambayo mtoto wa miaka mitano hawezi kukosea. Mathalani, mibuyu wanaishi miaka mingi, kwa kuwa kiwakilishi cha lugha chanzi hakikutofautisha kilicho hai na kisicho hai. Kumtaka mwanafunzi atafute makosa kumi ya aina hiyo, ayasahihishe na ataje ngeli iliyokiukwa ni zoezi bora kuliko sentensi za kubuni zinazorudiwa katika vitabu vya sarufi tangu zamani.

Tahadhari mbili zinahitajika. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa mashindano ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, na zawadi zikatolewa mwaka uliofuata. Makala mamia ziliongezeka, lakini wengi wa walioshiriki hawakuendelea kuandika zawadi zilipokwisha. Alama za kozi nazo ni zawadi, na zinaweza kuleta matokeo yaleyale. Tahadhari ya pili inatoka Pune, India, ambako 2011 mradi wa kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo katika Wikipedia ya Kiingereza ulisababisha wimbi la maandishi yaliyonakiliwa vitabuni, na wahariri wa kujitolea wakaachwa na kazi kubwa ya kuyafuta. Jamii ya wahariri wa Kiswahili ni ndogo mno kulinganisha na ile ya Kiingereza. Darasa la watu mia mbili likimwagwa humo kwa siku moja ni mzigo kwa wakabidhi wachache wanaofanya kazi hiyo bila malipo. Mhadhiri anayepanga kazi hii na asiyekuwa yeye mwenyewe ameandika makala hata moja anawapelekea wenzake takataka za kufagia.

5. Tatizo la chanzo

Kikwazo kikubwa zaidi hakiko katika teknolojia. Wikipedia hudai kila dai lenye uzito liegemee chanzo kilichochapishwa na kinachoaminika. Utafiti wa mwandishi mwenyewe haukubaliwi. Kanuni hiyo ni ya busara, na mwanafunzi anayejifunza kuifuata hujifunza nidhamu ya taaluma. Ikiletwa Ugogo, hata hivyo, hutoa matokeo ya ajabu. Mwanafunzi aliyekulia Mvumi, ambaye bibi yake alipiga ngoma ya muheme, hawezi kuandika anachokijua kuhusu ngoma hiyo. Mwanafunzi wa Helsinki aliyesoma kitabu kimoja cha mtafiti wa kigeni anaweza.

Vyanzo vilivyopo vinaonesha ukubwa wa pengo. Kwa Kiswahili kuna Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu cha Mnyampala kilichotoka 1954, ambacho Gregory Maddox alikitafsiri kwa Kiingereza na kukichapisha 1995. Kwa Kiingereza kuna utafiti wa Peter Rigby kuhusu mifugo na undugu wa Wagogo, uliotoka 1969. Kwa lugha, Atlasi ya Lugha za Tanzania ya 2009, iliyotolewa na mradi wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inaonesha lugha zinazungumzwa wapi. Muziki una bahati kidogo kwa sababu ya Hukwe Zawose (1938–2003), mpiga zeze na ilimba aliyezifikisha nyimbo za Kigogo katika majukwaa ya dunia, ila sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake imo katika lugha za kigeni. Kwa kata moja moja, mwanafunzi anaweza kumaliza wiki nzima maktabani na kutoka na takwimu za sensa na habari mbili za magazeti.

Suala hili si la Dodoma pekee. Mwaka 2011 Achal Prabhala alisimamia mradi wa majaribio India na Afrika Kusini, uliotumia rekodi za mahojiano kama vyanzo vya makala za Wikipedia katika Kimalayalamu, Kihindi na Kisepedi. Filamu ya mradi huo ilieneza hoja kwamba watu nao ni maarifa. Hoja ilipendwa, lakini utaratibu haukukubaliwa kwa jumla, na pingamizi lilikuwa na msingi: rekodi ya mtu mmoja haipitiwi na mhariri, na atakayekuja baadaye hawezi kupima kama msemaji mwingine angesema hivyohivyo. Wanafasihi simulizi wanalijua jambo hili kuliko wanawikipedia. Masimulizi yana matoleo, na kila toleo lina fanani wake, mahali pake na siku yake. Kulinukuu toleo moja kana kwamba ndilo jambo lenyewe ni kosa ambalo kozi ya kwanza ya fasihi simulizi hulikanya.

Hapo ndipo idara ya Kiswahili ina kitu ambacho jamii ya Wikipedia haina. Idara hukusanya. Wanafunzi hutumwa vijijini kila mwaka kurekodi ngano, vitendawili, majina ya mahali na misamiati ya ufugaji, na kazi hizo hufuata njia ya insha: alama, kisha kabati. Zikiwekwa katika hazina ya kidijitali ya chuo, kila moja ikiwa na jina la msimulizi aliyeridhia, mahali, tarehe, sauti na unukuzi wake, na zikapitiwa na wahadhiri wawili kabla ya kuwekwa, huwa chapisho la chuo. Tasnifu za umahiri na uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili zinastahili kutangulia, kwa kuwa zimekwisha kutahiniwa. Tasnifu iliyofungiwa kwenye rafu moja, kwa mhariri aliye Tabora, ni chanzo ambacho hakipo. Mnyororo huu ni mrefu kuliko kumpa mwanafunzi nywila na kumwambia aandike. Bila mnyororo huo, kinachoitwa ushirikishi kitakuwa ni kutafsiri makala za Kiingereza kuhusu mahali ambapo mwanafunzi amezaliwa.

Si kila kinachorekodiwa kinapaswa kuwekwa wazi. Leseni ya Wikipedia humruhusu mtu yeyote kutumia maandishi kwa lengo lolote, la kibiashara likiwamo, mradi ataje yalikotoka na atoe kazi yake kwa masharti yaleyale. Mzee anayeridhia mjukuu wake wa chuo arekodi hadithi hajaridhia tangazo la hoteli. Nyimbo za jando zina wakati wake na wasikilizaji wake, na kuna wazee ambao wangekataa zisikike kwa asiyepitia mafunzo hayo. Mwanafunzi afundishwe kuuliza maswali mawili tofauti, la kurekodi na la kuchapisha, na akubali kwamba jibu la kwanza likiwa ndiyo, la pili linaweza kuwa hapana.

6. Jina, sheria na gharama

Mwanafunzi anayeandika hadharani hubeba jina lake, au la bandia. Wikipedia huruhusu jina la bandia, na kwa kazi ya darasa hilo linatosha, ilimradi mhadhiri awe na orodha inayooanisha majina. Historia ya ukurasa huonesha nani aliandika nini, kwa hiyo tatizo la zamani la wanaobebwa katika kazi za vikundi hupungua. Idara inayofikiria kufungua tovuti yake ya maandishi ya wanafunzi, kwa upande mwingine, izisome kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotolewa 2018 na kuandikwa upya 2020, pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kanuni za 2018 ziliwataka watoa maudhui, hata mtu binafsi mwenye ukurasa wake, kusajiliwa na kulipia leseni. Hofu ya kisheria ikiachwa bila kufafanuliwa huwafanya wahadhiri warudi kwenye kundi la WhatsApp, ambako nako sheria hizo zinafika.

Gharama ya bando haiepukiki, lakini kwa kazi ya maandishi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kurasa za maneno ni nyepesi kulinganisha na mihadhara ya video. Kinachochosha zaidi ni kuhariri matini ndefu kwenye kioo cha simu. Kikundi cha watu watano chenye kompyuta moja ya maabara kwa saa mbili kwa wiki hufanya kazi nzuri kuliko watu watano wenye simu tano, kwa sababu hulazimika kubishana juu ya sentensi kabla ya kuiandika.

Wengi wa wanafunzi hawa watakuwa walimu wa sekondari Bahi, Mpwapwa, Manyoni au Iramba, ambako mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, kwa hiyo chombo kimoja darasani si ndoto. Mwalimu anaweza kuichapa mbegu ya kata ya shule yake kwenye karatasi, akawapa wanafunzi kalamu na wiki mbili za kuuliza nyumbani na kutafuta katika kumbukumbu za kijiji, kisha wakaisahihisha pamoja ubaoni sentensi kwa sentensi. Yaliyo na chanzo huingizwa na mwalimu jioni. Yasiyo na chanzo huandikwa katika daftari la darasa, na jina la aliyesimulia na tarehe pembeni, yakisubiri mtafiti wa chuo atakayepita.